Muujiza Wenye Risiti

Kila baada ya misimu michache, soka ya Ulaya hututafutia klabu ndogo ya kupenda. Hadithi ni ile ile: mji ambao hakuna aliyewahi kuusikia, uwanja mdogo, wachezaji waliotemwa kwingine, halafu siku moja wanasimama uso kwa uso na vigogo. Tunaipenda kwa sababu tunajiona ndani yake. Sisi pia tunatoka mahali ambapo kamera hufika kwa nadra.

Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Bačka Topola, mji wa kaskazini mwa Serbia wenye takriban watu 12,000. Klabu yao, TSC, ilikuwa imepanda ligi kuu kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Miaka minne baadaye ikamaliza ya pili nyuma ya Red Star, huku Partizan, jabali lingine la Belgrade, ikiangukia nafasi ya nne. Septemba hiyo TSC ikatua London kucheza na West Ham katika Europa League. Petar Stanić akafunga, wageni wakaongoza, na kwa dakika chache wapenda wanyonge dunia nzima wakawa mashabiki wa Topola. Mechi iliisha 3-1 kwa West Ham, lakini hadithi ilikuwa tayari imeuzwa: kijiji cha ndoto, muujiza wa Balkani, na mengine ya aina hiyo.

Mimi naikataa hiyo hadithi. Timu ilicheza vizuri, na sina neno baya kwa wachezaji. Ninachokataa ni neno "muujiza". Muujiza hauna mlipaji. Huu una mlipaji, na jina lake linajulikana.

Turudi nyuma kidogo. TSC ni kifupi cha Topolyai Sport Club, jina la Kihungaria. Klabu ilianzishwa mwaka 1913, wakati mji ulikuwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria. Vita vya kwanza vya dunia vikaivunja himaya, na Mkataba wa Trianon wa 1920 ukaidhinisha mpaka mpya. Wakaazi wa Topola hawakuhama. Mpaka ndio uliowaruka. Walilala Hungaria wakaamka kwenye ufalme ambao baadaye uliitwa Yugoslavia. Mteso wa Busia au Mborana wa Moyale hahitaji kuchorewa ramani ili aelewe jambo hilo. Mpaka leo, Wahungaria ndio wengi katika mji huo.

Klabu ikaishi kama klabu nyingi za Yugoslavia: ikabadilisha majina, ikategemea kiwanda na siasa za wakati huo. Kwa miaka mingi iliitwa AIK, herufi za shirika la kilimo na viwanda la pale mjini. Na hapa ndipo watu wa muujiza hukosa somo lenyewe. Hiyo AIK, iliyocheza bila kamera hata moja ya Ulaya, ndiyo iliyomlea Nikola Žigić. Kama wewe ni shabiki wa Arsenal, najua jina hilo bado linakuuma. Fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, Februari 2011: lile jitu la zaidi ya mita mbili lililopiga bao la kwanza la Birmingham City ndilo hilo. AIK hiyo hiyo ndipo Dušan Tadić alipoanzia mpira utotoni, kabla ya Southampton, kabla ya Ajax na usiku ule wa 2019 walipoivua Real Madrid nguo nyumbani kwake.

Wawili hao walitoka mji mmoja mdogo, kabla ya uwanja wa kisasa, kabla ya akademia yenye nyasi za kung'aa. Kama mnatafuta muujiza, ulikuwa pale. Je, klabu iliyowalea ilipata nini? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilizama, ikabidi ianze kujikongoja tena kutoka ngazi za chini. Dunia haikuandika hata sentensi moja. Hakuna aliyelilia klabu ya mji mdogo ilipokufa. Machozi ya furaha yalikuja tu baada ya mwenye pesa kufika.

Mwenye pesa mwenyewe alikuwa serikali ya Hungaria, chini ya Viktor Orbán. Orbán alirudi madarakani mwaka 2010, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwapa Wahungaria wanaoishi nje ya mipaka njia rahisi ya kupata uraia, na pamoja nao kura. Kura hizo zilipohesabiwa katika chaguzi zilizofuata, chama chake cha Fidesz kilizoa zaidi ya asilimia 90. Sasa weka hilo kando ya ramani ya soka. Sepsi ya Romania iko katika eneo la Wahungaria. DAC ya Slovakia pia, na TSC ya Serbia vilevile. Kila mahali pesa za Budapest zilifuata jamii ya Wahungaria, zikajenga viwanja na akademia. Nyumbani kwake Felcsút, kijiji chenye watu wasiofika 2,000, Orbán alishuhudia uwanja ukifunguliwa mwaka 2014 wenye viti karibu mara mbili ya wakaazi. Mtu anayependa soka hivyo unaweza kumwelewa. Lakini anayependa soka na kura kwa pamoja, mwangalie mara mbili.

TSC walipata uwanja wao mpya Septemba 2021, takriban viti 4,500. Mamilioni ya euro yalitoka ng'ambo ya mpaka. Hii si siri ya kuchimbuliwa usiku. Iliandikwa, ikatangazwa, ikakatiwa utepe. Cha kushangaza ni jinsi ilivyotoweka kila mara hadithi ilipofika kwetu. Mtangazaji anakwambia "mji wa watu elfu kumi na mbili", halafu anakimbilia matangazo. Ile sehemu ya pili ya sentensi inaachwa, na ndiyo yenye maana.

Najua jibu ninalosubiri. "Sasa wewe ulitaka nini? Red Star haina Gazprom kifuani tangu 2010? Klabu gani haina mfadhili?" Ni swali halali. Zaidi ya hayo, tangu Yugoslavia ya zamani ivunjike, ubingwa wa Serbia umekuwa ukizunguka kati ya Red Star na Partizan pekee. Mara moja tu mwingine aliupata: Obilić, mwaka 1998, klabu ndogo ya Belgrade iliyokuwa mikononi mwa Željko Ražnatović, yule Arkan, kiongozi wa wanamgambo aliyekuwa ameshtakiwa kwa uhalifu wa kivita huko The Hague. Ule nao ulikuwa muujiza wa klabu ndogo. Arkan aliuawa kwa risasi mwaka 2000, na Obilić ikateremka madaraja hadi ikasahaulika.

Silinganishi Topola na Arkan. Hapana. Kujenga akademia ya watoto si sawa na kuongoza genge lenye bunduki, na atakayenisoma hivyo amesoma vibaya. Ninachosema ni kwamba katika ligi iliyofungwa namna hiyo, mdogo hapandi kwa moyo na jasho peke yake. Lazima kuna mkono chini ya kiti. Kazi ya mwandishi wa soka, na ya shabiki mwenye akili, ni kuinama na kuangalia mkono ni wa nani.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na nalichukulia kwa uzito. Litasema hivi: watu wa Topola ni wachache ndani ya nchi ya wengine, mji wao unapoteza vijana kila mwaka wanaokwenda kutafuta kazi Ujerumani na Austria. Belgrade haikuwajengea kitu cha maana. Mtu akija na pesa, akajenga uwanja, mtoto akapata pa kucheza, wewe uliyeketi Nairobi unalia nini?

Silii kuhusu uwanja. Wakaazi wa Topola wana haki ya uwanja mzuri kuliko huo. Nalia kuhusu masharti yasiyotamkwa. Pesa ya kampuni huondoka soko likibadilika. Pesa ya siasa huondoka kura ikibadilika, na mkaazi wa mji hana usemi juu ya lolote kati ya hayo. Mfadhili wa namna hiyo huwezi kumwambia "umekosea". Ukimzomea, unazomea paa lililo juu ya kichwa chako. Klabu iliyoanzishwa na watu wa mji inageuka bendera inayopeperushwa na mtu mwingine, na wenyewe wanabaki kushukuru. Shukrani si uanachama, jameni.

Sisi tunalijua hili bila kwenda Serbia. Sony Sugar ya Awendo ilikuwa klabu ya kiwanda kama AIK. Mwaka 2006 ikachukua ubingwa wa Kenya, na watu wakaimba kuhusu nguvu ya mji mdogo. Mwaka 2019 ikafukuzwa ligi kuu baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu, kwa sababu pesa zilikuwa zimekauka. Mwaka uo huo SportPesa ilijiondoa, na Gor na Ingwe wakabaki wakichangisha nauli. Mji hautakiwi kujua hatima ya klabu yake kwa kuangalia bei ya sukari au hasira ya mtoza ushuru.

Msimu ule wa 2023, TSC ilipata pointi moja kundini: sare ya 2-2 nyumbani dhidi ya Olympiacos, timu ambayo ilimaliza msimu na kombe la Conference League mkononi. Ni pointi ya heshima. Msimu uliofuata wakaingia Conference League na kufika mtoano, wakatolewa na Jagiellonia ya Poland. Mwaka 2020 nao, katika mchujo wa Europa, walitoka 6-6 na FCSB ya Romania kabla ya kupoteza kwa penalti. Kama hujawahi kuitazama, itafute. Haya yote ni ya kweli na ni ya wachezaji. Hakuna serikali iliyopiga hata moja ya penalti hizo.

Ndiyo maana neno "muujiza" linaniudhi. Linawaibia watu wote wanaohusika. Wachezaji linawaibia kazi yao, kana kwamba malaika ndiye aliyekimbia dakika tisini. Mji linauibia historia yake, kana kwamba Topola ilizaliwa siku uwanja ulipofunguliwa, na Žigić na Tadić waliota kwenye mti. Mlipaji peke yake ndiye hafichuliwi chochote. Anafunikwa vizuri, anabaki mwema asiye na jina, asiyeulizwa anataka nini.

Basi wakati mwingine ukiletewa klabu ndogo ya kupenda, ipende. Mimi pia nitaipenda. Lakini kabla hujaandika neno lile, uliza mambo matatu. Nani analipa mishahara? Anapata nini asichokisema? Na akiondoka kesho asubuhi, ni nani mwenye funguo za uwanja? Kama mtu wa Topola hawezi kujibu swali la tatu kwa kusema "sisi", basi hakuna muujiza hapo. Kuna mpangaji anayeishi nyumba nzuri, na kodi inalipwa na mtu mwingine.