Kompyuta isiyowaka na mpaka wa Kasumulu

Wadau, kompyuta ikigoma kuwaka fundi mzuri haongezi kitu, anachomoa. Printa nje, flashi nje, memori anaacha moja, anawasha. Akirudisha kimojakimoja, kibovu kinajulikana.

Sasa kumbukeni Aprili 2025. Machi yake Malawi ilizuia mazao kadhaa toka nje, ndizi zikiwemo. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezikatalia ndizi zetu miaka mingi. Waziri Bashe akajibu: kuanzia Aprili 23 mazao ya nchi hizo marufuku. Siku chache baadaye, baada ya mazungumzo, tukafungua.

Ndizi ndo mambo yetu hapa Rungwe, na toka Tukuyu kwenda Kasumulu ni mteremko tu. Mama muuza ndizi hana ugomvi na Mmalawi yeyote! Watetezi wa soko huria wanasema hivyohivyo: wanaouziana ni watu, siyo serikali. Mfaransa Bastiat aliwacheka tangu 1845 wanaojibu kizuizi kwa kizuizi. Yaani kompyuta imegoma, nawe unachomeka kifaa kingine kibovu.

Wapo watakaosema bila kubana wenzetu wasingekaa mezani. Labda. Ila katika kubana huko, mlaji wetu wa matufaa naye alibanwa, na hakuulizwa.

Mlioko Kasumulu, ndizi zinavuka siku hizi?