Hadubini ya Marehemu na Grisi Iliyoganda



Ndugu zangu wasomaji, imetufikia barua ya mama mmoja wa Malindi. Marehemu mumewe alikuwa mpimaji wa damu katika zahanati, na katika alivyoviacha imo hadubini kongwe ya shaba na chuma cheusi. Kishikio cha kupandishia na kushushia bomba lake hakizunguki. Mmoja wa warithi ataka iuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwingine ameanza kukishika kishikio kwa koleo. Mama auliza: chombo hiki kimekufa, au chaumwa tu?

Jawabu la kwanza ni la koleo: liwekwe chini leo hii. La pili ni la mizani ya chuma chakavu: kilicho mirathi ni cha warithi wote, wala hakiuzwi kwa shauri la mmoja. La tatu ndilo refu, nalo ni kwamba hadubini nyingi zilizokwama hazikuvunjika. Zimeganda grisi.

Grisi ni mafuta yaliyoshikanishwa na kitu mfano wa sabuni. Miaka ikipita, mafuta hupotea na kuharibika, kikabaki kile kizito, kikawa kama nta. Huku kwetu, penye joto na hewa ya chumvi, shaba nayo hutoa ukijani wake ukachanganyika humo. Ndani ya hadubini mna utepe wa shaba wenye meno na gia ndogo itembeayo juu yake, pamoja na mfereji ambamo bomba huteleza likiwa limebanwa sawasawa. Nta hiyo ikijaa mferejini, kishikio hugoma. Mwenye kukilazimisha haishindi nta. Huyakata meno ya gia, na hapo ndipo ugonjwa huwa mauti.

Mabaharia wetu walilijua jambo hili kabla ya hadubini kufika pwani. Jahazi hupandishwa pwani, likatiwa kalafati, mbao za juu zikapakwa sifa na tumbo la chini likapakwa shahamu. Kila mafuta yana mahali pake na muda wake. Na ya zamani hukwanguliwa kwanza ndipo mapya yapakwe. Hadubini yataka adabu iyo hiyo.

Basi mwenye kutaka kuitengeneza nyumbani na atandike kitambaa cheupe juu ya sinia pana, ili skurubu ikianguka ionekane. Atafute bisibisi za fundi saa zinazoingia barabara katika skurubu, kwani bisibisi isiyolingana huharibu kichwa chake. Lenzi zote zitolewe kwanza, zifungwe kwa kitambaa safi na kuwekwa mbali. Kila hatua ipigwe picha kwa simu, na skurubu zipangwe kwa utaratibu zilivyotoka.

Kabla ya kufungua chochote, atazame kishikio kidogo, kile cha kusogeza kwa unyenyekevu. Huwa na mwanzo na mwisho, na katika hadubini nyingi za zamani pembeni mna alama za mipaka yake. Kikifika mwisho hukataa, na mtu akadhani kimeharibika. Kirudishwe katikati ya mipaka. Wengine shida yao huisha hapo.

Ikiwa kishikio kikubwa ndicho kilichokwama, kipashwe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, si kwa moto wa jiko. Kisha tone moja la mafuta ya taa litiwe penye mfereji, chombo kiachwe hadi kesho yake. Haraka haraka haina baraka. Kishikio kijaribiwe kwa vidole viwili tu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Kikianza kulegea, katika hadubini nyingi za shaba bomba hupandishwa hadi meno yaachane, likatoka lote mkononi. Pawekwe alama ya upande uliotazama mbele.

Sasa ndiyo kazi ya kusafisha. Mswaki mkuukuu na mafuta ya taa hutoa nta mferejini. Kijiti cha kuchokolea meno hupita baina ya meno ya gia. Spiriti isiguse shaba iliyopakwa vanishi, maana huiyeyusha vanishi hiyo. Msasa usikaribie kabisa: mfereji umechongwa ulingane na bomba, na ukisagwa japo kidogo bomba litayumba daima. Na ikiwa kuna kipande chembamba cha bati au karatasi kilichowekwa na fundi wa kwanza, kirudishwe pale pale kilipokuwa.

Vyote vikikauka, ipakwe grisi mpya safi, nyembamba kama ukungu juu ya kioo. Mafuta ya nazi, samli na mafuta ya kupikia yaachiwe jikoni, kwani huchacha na kuganda. Mafuta mepesi ya cherehani hufaa tone moja penye vidude vidogo vizungukavyo, lakini mferejini hutiririka na kuliacha bomba likishuka lenyewe. Bomba likishuka hivyo baada ya kusafishwa, hadubini nyingine hukazwa kwa kuvizungusha vishikio viwili vya pande mbili kwa kukinzana, na nyingine zina skurubu ndogo nyuma ya gia. Ikazwe kidogo kidogo, hadi bomba likae lilipoachwa.

Mtambo wa kishikio kidogo usifunguliwe na mwanagenzi. Ndani mna springi na vidude vyembamba, na kimoja kikiruka hakipatikani. Huo upelekewe fundi wa saa, au fundi anayetengeneza vyombo vya maabara.

Huenda msomaji akauliza, taabu yote hii ya nini kwa chombo kikuukuu? Atazame kazi yenyewe ya kupima malaria. Lenzi inayokuza mara 100, ikisaidiwa na ya jichoni inayokuza mara 10, humkaribia mgonjwa wa kioo kwa umbali ulio chini ya robo ya milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa karibu sehemu 7 za elfu za milimita, na kimelea hukaa ndani yake. Mpimaji hutakiwa apitie sehemu 100 au zaidi za kipande kimoja kabla ya kusema hamna kitu. Bomba likishuka kidogo tu katikati ya kazi, kimelea huwa kivuli, na mwana wa watu akarudishwa nyumbani na homa yake.

Mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, Alphonse Laveran alikiona kimelea hicho katika damu ya mgonjwa. Miaka 17 baadaye, Agosti 1897, Ronald Ross alikiona ndani ya mbu mjini Secunderabad, India. Skurubu za hadubini yake zilikuwa zimeshika kutu kwa jasho la mikono na la uso, na lenzi ya jichoni iliyombakia ilikuwa na ufa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1902. Na hapa Kilifi kwetu, kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoanza mwaka 1989 kimeifanya malaria kuwa moja ya kazi zake kubwa.

Lakini lieleweke: hadubini iliyotengenezwa nyumbani si ya kuwapimia watoto homa. Mtoto akipata homa apelekwe hospitali siku iyo hiyo. Hadubini ya nyumbani ni ya kutazamia tone la maji ya dimbwi, bawa la mbu, ngozi ya kitunguu. Na mtoto aliyekwisha kuliona bawa la mbu huuliza maswali ambayo hayaulizwi na aliyesimuliwa tu.

Nasi twamnasihi mama wa Malindi: warithi wakutane, wakubaliane chombo kikae kwa nani, na atakayepewa apewe pamoja na sharti la kukitunza. Kifunikwe dhidi ya vumbi, kisikae dirishani penye upepo wa bahari, na kishikio kizungushwe kila mwezi ili grisi isilale. Kisichotumika huganda.

Wabillahi tawfiq.