Si Uvivu, Ni Mfumo: Kwa Nini Maazimio Yako Hufa Kabla ya Februari

 Najua nimepotea. Kwanza kazi zilinibana, halafu stima zikapotea hapa Maringo siku mbili mfululizo, halafu sababu zikaniishia nikabaki na aibu tu. Nilikuwa nimeahidi kuandika kila Jumatatu. Hesabu mwenyewe Jumatatu ngapi zimepita! Kwa hiyo leo naandika juu ya jambo ninalolijua kwa undani: kuweka malengo na kutoyatimiza.

Wiki ya kwanza ya Januari, ukitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ukielekea barabara ya Jogoo, utakutana na watu wanakimbia. Vijana wa Jericho, kina mama wa Makongeni, mzee mmoja kutoka Mbotela mwenye raba mpya nyeupe pepepe. Wiki ya nne rudi uangalie. Wanaokimbia ni wale wanaokimbilia matatu. Karo imelipwa, Njaanuari imeuma, na raba nyeupe zimerudi chini ya kitanda.

Ndipo wanapojitokeza wahubiri. Sisemi wa dini, nasema hawa wa motisha. Wanakodi ukumbi, wanatoza kiingilio, kisha wanawaambia watu walioamka usiku kwenda kazini kwamba wao ni wavivu. "Huna nidhamu! Hujataka vya kutosha! Amka!" Watu wanapiga makofi, wanaandika malengo kumi kwenye daftari, wanarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu malengo yamekufa, na mhubiri keshapata jibu: ni wewe.

Mimi nasema wanatudanganya, na nitatumia kazi yangu ya kutengeneza programu kueleza kwa nini.

Katika kazi yetu, mtu mmoja akibonyeza kitufe kisichofaa, tunasema labda hakusoma maelezo. Watu mia wakibonyeza kitufe kilekile kisichofaa, hatuitishi semina ya kuwafundisha kukipenda kitufe kizuri. Tunakihamisha kitufe! Makosa yanayorudiwa na kila mtu mahali palepale ni makosa ya aliyechora ukurasa. Sasa niambie: mtu mmoja akishindwa kutimiza azimio lake, mwite mzembe ukitaka. Mtaa mzima ukishindwa, kila mwaka, katika wiki zilezile, bado ni uzembe?

Chukua mama mboga wa hapa kwetu. Huamka saa tisa usiku kwenda Marikiti kununua sukuma wiki na nyanya, mvua inyeshe isinyeshe, na amefanya hivyo zaidi ya miaka kumi. Mchango wa chama cha Jumapili hajawahi kuukosa hata mara moja. Lakini aliniambia mwenyewe kuwa kwa miaka mitatu alijaribu kuweka pesa peke yake anunue friji, na miaka yote mitatu ikamshinda. Ni mwanamke yuleyule, mwenye nidhamu ileile. Tofauti ni kwamba chama kina siku, kina mahali, kina kiasi, na kina wanawake kumi na wawili watakaomuuliza. Friji ilikuwa na nia njema tu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma. Mdogo wangu anafanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja huku Viwandani. Kwa miaka mingi amekuwa akisomea uhasibu, zile karatasi za CPA. Kila ada ya mtihani ikikaribia, hana pesa. Siku moja mbele ya Mama nilimwita mvivu. Nilisema mengine pia, siyaandiki. Hakujibu. Alikaa miezi miwili bila kukanyaga nyumbani.

Aliporudi alinipa simu yake tu. "Soma ujumbe wa M-Pesa, kaka." Nikasoma. Shilingi 500, dawa ya shangazi. 1,000, mchango wa matanga. 200, binamu amekwama njiani. 300, tokeni za stima za nyumba ya Mama, nyumba ninamolala mimi! Shilingi moja ya pombe sikuiona. Pesa za mtihani zilikuwa zimekaa mahali pamoja na pesa nyingine zote, na kila aliyebisha alifunguliwa. Ningekuwa mimi ningezikatalia hapo wapi? Nilikuwa nimemtukana mtu kwa kosa la mfumo.

Hili si la mdogo wangu peke yake. Watafiti wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, eneo la Bumala, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliwapa wanachama wa vyama vya akiba kisanduku cha bati chenye tundu la kuingizia pesa, kufuli na ufunguo. Ufunguo alibaki nao mwenye sanduku. Kwa hiyo angeweza kufungua saa yoyote! Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja, matumizi yao kwa vifaa vya kujikinga na maradhi yalikuwa yamepanda kwa asilimia 66. Waliochangiana katika kapu maalumu la afya ndani ya chama walipanda kwa asilimia 128. Hakuna aliyewahubiria nidhamu. Pesa zilipata mahali na jina, na mtu akapata neno la kumwambia jamaa anayeomba: hizi si za kutumia.

Na sikiliza hili. Kundi lingine lilipewa sanduku ambalo ufunguo wake ulikaa kwa afisa wa mradi hadi lengo litimie. Kwa zile kinga, sanduku hilo halikusaidia kwa kiasi cha kuonekana. Watu waliogopa kufungia pesa mahali wasipoweza kuzipata wakati wa shida. Wale wanaosema dawa ni kujibana zaidi na kujiadhibu zaidi walitafakari hilo.

"Lakini motisha si inasaidia?" Twende Uingereza. Mwaka 2002 Milne, Orbell na Sheeran walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kuhusu mazoezi. Kundi la kwanza liliachwa hivihivi: waliofanya mazoezi wiki iliyofuata ni asilimia 38. Kundi la pili lilipewa maelezo ya kutia hamasa kuhusu ugonjwa wa moyo: asilimia 35. Kundi la tatu lilipata hamasa hiyohiyo, kisha kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na wapi atafanya mazoezi: asilimia 91. Hamasa peke yake haikuongeza kitu. Sentensi moja yenye siku, saa na mahali ndiyo iliyofanya kazi. Rudi sasa ukadai kiingilio chako pale ukumbini!

Na ule uongo wa "siku 21 kujenga mazoea"? Umetokana na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeona wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Pua mpya, ndugu zangu, si kukimbia asubuhi! Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya. Wastani ulikuwa siku 66, na tofauti ilianzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo mtu anayeambiwa siku 21, ikifika siku ya 22 bado ni vigumu, anajiona ana kasoro. Anaacha akiwa njiani, kwa sababu ya nambari ya uongo.

Utafiti huohuo ulionyesha kuwa kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Hapa watunga programu tunaelewa haraka. Hatuandiki programu tukidhani haitaanguka kamwe. Tunaandika ili ikianguka iinuke: tunaweka nakala, tunaweka mahali pa kuanzia tena. Azimio la mwaka mpya halina nakala. Linakosea mara moja tarehe 9 Januari na linafutwa lote. Nani angekubali programu ya namna hiyo benki?

Sasa zamu ya fani yangu, maana siwezi kuwapiga wahubiri tu na kujificha. Niliwahi kufanya kazi katika kampuni ya kukopesha watu kwa simu. Siitaji, na haikuwa peke yake. Kitufe cha KOPA kilikuwa kikubwa, cha kijani, mguso mmoja. Kuweka akiba kulikuwa ndani ya menyu ya tatu. Ujumbe wa "unastahili mkopo" tuliutuma jioni, baada ya kupima ni saa ngapi watu hubonyeza zaidi. Mimi ndiye niliyeandika msimbo wa kupima. Ukiona vigumu kushika lengo lako, jua kuna watu wenye akili, wanaolipwa vizuri, ambao kazi yao ya mchana kutwa ni kulivunja. Hawakutegemea nidhamu YAO kupata pesa zako. Walijenga mfumo. Halafu wewe unaambiwa upambane nao kwa nia njema!

Na programu za malengo zisijidanganye pia. Niliandika moja mwenyewe, ina grafu na rangi. Niliifungua mara nne. Linganisha na jaribio walilofanyiwa wanachama wa Mbao, mpango wa pensheni wa watu wa jua kali ulioanza mwaka 2011 kwa wazo la kuweka mbao moja, yaani shilingi 20, kwa siku. Baadhi ya wanachama walipewa sarafu ya rangi ya dhahabu yenye nambari 1 hadi 24, moja kwa kila wiki. Kila wiki mtu anaikwaruza nambari kuonyesha kama ameweka au hajaweka. Waliopewa sarafu waliweka karibu mara mbili ya waliotumiwa ujumbe wa kukumbushwa peke yake. Kipande cha chuma kilichokaa nyumbani, macho ya kila mtu yakikiona, kilishinda simu.

Najua utauliza: kwani hakuna wavivu? Wapo. Na vyama pia huanguka, waweka hazina hutoroka na pesa, tumeona. Na kuna malengo yanayokufa kwa sababu mshahara hautoshi tu. Sanduku halipandishi mshahara, na atakayesema linapandisha ni mhubiri mwingine. Ninachosema ni kuhusu mpangilio wa mambo: rekebisha mfumo kwanza, ndipo umhukumu mtu. Sisi tunaanza na hukumu.

Kwa hiyo, kabla hujajiita mzembe, liangalie lengo lako kama unavyoangalia programu yenye hitilafu. Lina siku, saa na mahali? Pesa zake na muda wake vina sanduku lao lenye jina, au vimechanganywa na kila kitu? Ukikosa siku moja, umepanga utarudije? Na kuna mtu anayekungoja ukichelewa? Likikosa hata moja kati ya hayo, usitafute nidhamu mpya. Tengeneza hapo.

Mdogo wangu sasa anaweka ada ya mtihani kidogokidogo kwa mweka hazina wa chama cha vijana wanne, na wote wanasomea CPA. Jumamosi asubuhi hukutana kwenye maktaba ya Makadara, ile ambayo Book Bunk walishiriki kuifufua. Asiyekuja ananunua chai na mandazi za wote. Amenunua mara tatu, na mara zote tatu alirudi wiki iliyofuata. Bado hajamaliza, karatasi mbili zimebaki. Mimi nimemwomba msamaha, na nimefanya hivyo mbele ya Mama, palepale nilipomtukana.

Kuhusu Jumatatu zangu: nimempa mdogo wangu jukumu la kuniuliza kila Jumapili saa mbili usiku, tukila. Nisipokuwa na rasimu, tokeni za stima za wiki hiyo ni zangu.

Tukutane Jumatatu. Kazi njema.