Ukiona ngome yaelea, uliza ni nani aliyeiunda

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii wanafunzi wetu huikariri tangu madarasa ya chini, lakini ni wachache waliopata kuishuhudia kwa macho. Katika wilaya ya Raigad, jimbo la Maharashtra, kusini mwa jiji la Mumbai nchini India, ipo ngome ambayo mtu akiitazama kutoka ufukweni hudhani inaelea baharini. Kuta zake zimesimama majini kila upande, wala lango lake halionekani mpaka mashua iukaribie ukuta kabisa. Ngome hiyo huitwa Janjira, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya kisiwa.

Walioitawala kwa karne tatu hivi, hadi dola yao ndogo ilipounganishwa na India mwaka 1948, walikuwa watu wa asili ya Afrika, waitwao Wasidi au Wahabeshi. Ni Mkenya yupi aliyefundishwa jambo hili shuleni?

Hata hivyo, hatukusudii kumsifu Mwafrika kwa sababu tu ni Mwafrika. Tunalotaka kusema ni kwamba ziara ya magofu humfaa yule aendaye na maswali, na wilaya ya Raigad ni darasa jema la kulithibitisha hilo.

Mgeni anaweza kuanzia kisiwa cha Gharapuri, ambacho Wareno walikiita Elephanta. Humo mna mahekalu yaliyochongwa ndani ya mwamba yapata karne ya 6, na sanamu ya mungu Shiva yenye nyuso tatu, ambayo kimo chake ni kama mita sita. Hapana jiwe lililoletwa kutoka kwingine. Mafundi waliuchimba mlima wakaacha nguzo na miungu. Mahekalu hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Kisha kuna mlima wa Raigad wenyewe, ulioipa wilaya jina lake. Apandaye kwa miguu hukabili ngazi zaidi ya 1,700. Asiyeweza hupandishwa kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya. Juu ya mlima huo ndipo Shivaji, mwasisi wa dola ya Wamaratha, alipotawazwa tarehe 6 Juni 1674, na ndipo alipofariki mwaka 1680. Waingereza waliiteka ngome hiyo mwaka 1818, na leo kasri zimebaki misingi ya mawe. Hata hivyo, watu humiminika huko kwa heshima kama waendao kuzuru kaburi la mzee wa ukoo.

Huko Alibag, makao makuu ya wilaya, kuna ngome ya Kolaba, ambayo maji yakipwa huendewa kwa miguu, na yakijaa huwa kisiwa. Ndani yake mna hekalu, na maji matamu yasiyo na chumvi ingawa bahari imeizunguka pande zote. Hatua chache kusini ziko Chaul na Korlai, yaliko magofu ya Wareno. Hapo historia ya India inagusana na yetu. Francisco de Almeida aliyeichoma Mombasa moto mwaka 1505 alikuwa njiani kwenda India. Na ni hapo Chaul, mwaka 1508, ambapo mwanawe Lourenço aliuawa vitani. Kijijini Korlai wapo watu ambao hadi leo huzungumza lugha iliyozaliwa na Kireno. Ngome imebomoka, lakini ulimi umesalia.

Msafiri aliyepita kote huko ndiye atakayeielewa Janjira. Shivaji aliyeogopwa na wafalme hakuweza kuiteka, licha ya kujenga ngome nyingine, Padmadurg, katika bahari iyo hiyo ili kuwabana Wasidi. Mwanawe Sambhaji alijaribu pia akashindwa. Mwaka 1689 Wasidi hao hao walivuka wakawazingira Waingereza katika kisiwa cha Bombay. Ndani ya ngome kungali na mizinga mikubwa na mabwawa ya maji matamu. Wengi wa Waafrika waliofika India walipelekwa kwa nguvu, wakauzwa kama bidhaa. Miongoni mwao walikuwamo waliopanda vyeo jeshini hata wakawa watawala. Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi na kuuzwa utumwani, aliongoza dola ya Ahmadnagar hadi alipofariki mwaka 1626.

Yafaa tuseme kweli yote. Wasidi hawakuwa malaika. Walikuwa watawala kama watawala wengine: walitoza kodi, walipigana, na walidumu kwa nguvu za mizinga. Lakini mtoto anayefundishwa kwamba Mwafrika aliivuka bahari kwa minyororo tu, kisha habari zake zikaishia hapo, amefundishwa nusu ya kisa.

Mwaka 2025 ngome kumi na mbili za Wamaratha ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Raigad imo, na Khanderi iliyo katika wilaya hiyo hiyo imo. Janjira haimo, kwani orodha hiyo ilihusu Wamaratha, na Janjira ilikuwa ya mahasimu wao. Hatuoni dhuluma hapo, ila tunaona fundisho. Kila orodha, kila kitabu na kila mwongoza wageni huanza na swali lake. Afuataye orodha hiyo pekee atarudi nyumbani akiwajua walioizingira Janjira, asiwajue waliokuwa ndani.

Msomaji atauliza: mwanafunzi wa Kitui au Busia atafikaje Raigad, ilhali hata nauli ya Mombasa ni shida? Hoja hiyo ni ya haki. Lakini Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni ndugu wa magofu ya Chaul na Korlai. Gede iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Na Thimlich Ohinga, kule Migori, imekuwamo tangu 2018. Magofu tunayo. Tunachokosa ni namna ya kuyazuru. Mara nyingi ziara ya shule huwa ni kuimba garini, kupiga picha penye mzinga, kula na kurudi. Akiulizwa kesho yake alichojifunza, mwanafunzi hutaja chakula.

Twawaomba walimu wetu wawape wanafunzi maswali matatu kabla hawajapanda gari. Ni nani aliyejenga, na kwa jasho la nani? Ni nani aliyekuwa adui aliyeogopwa hata kuta zikawa nene hivi? Na ni nani aliyeishi hapa ambaye hakuandikwa kwenye kibao cha mlangoni? Mwanafunzi akirudi na majibu, hata yakiwa pungufu, ayaandike kwa maneno yake mwenyewe, na darasa liyajadili. Kazi hiyo haihitaji fedha za ziada, bali mwalimu aliyejiandaa.

Nanyi wanafunzi, msingoje kupelekwa Mombasa ndipo muulize. Karibu na kila kijiji kuna ukuta wa mawe, kaburi la kale au mti wa kaya ambao wazee wanajua habari zake. Wazee hao hawatakuwapo daima. Vyaelea vimeundwa, na asipoulizwa aliyeunda, jina lake huzama hata kama kazi yake ingali inaelea.