Kansa ya prostati: wazee waelezwe njia zote na bei yake

Kansa ya prostati ikishafika kwenye mifupa haiponi tena, lakini mgonjwa akitibiwa anaweza kuishi miaka. Shida ni kwamba huku kwetu Kivu, mara nyingi matibabu hukatika kwa sababu pesa zimeisha.

Sindano za kuzuia homoni ya kiume hurudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Vita vikifunga barabara, au familia ikikosa pesa, sindano inarukwa na kansa inapata nguvu. Kuna njia nyingine, inayojulikana tangu 1941: kuondoa korodani kwa upasuaji. Hufanywa mara moja tu, na kazi yake ni ileile ya sindano. Wazee wengi huikataa kwa aibu, na wengine hawaambiwi kwamba ipo.

Sisemi kila mzee apasuliwe. Lakini ajue kwamba nguvu za kiume hupungua kwa njia zote mbili. Daktari ataje bei ya sindano za mwaka mzima, pamoja na bei ya upasuaji. Kisha baba achague mwenyewe, mama akiwa karibu ikiwa anapenda. Kuficha jambo hili kwa heshima kunawanyima wazee wetu miaka ya kuishi.