Mpagazi Haumwi, Ni Taa Tu

Nilipokuwa TP nilifundisha historia Kidato cha Pili, mada ya biashara ya masafa marefu. Nikasema nisiwachoshe watoto kwa ramani tupu. Nikatengeneza kwenye Blender uso wa mpagazi wa Kinyamwezi, wale waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo karne ya 19. Kompyuta iliunguruma usiku kucha. Asubuhi naonyesha picha, binti mmoja ananyoosha mkono: "Mwalimu, huyu anaumwa?"

Kweli kabisa. Uso ulikuwa wa kijivu kama umepakwa majivu.

Nilikuwa nimefuata ule mpangilio wa taa tatu unaofundishwa kila mahali: taa kuu mbele, ya kujaza upande wa pili, ya nyuma kuchora mabega. Uso ulipotoka na giza nikafanya kama wengi wetu hapa chuoni. Nikaongeza nguvu ya taa, halafu nikapunguza weusi wa ngozi kidogo. Hapo kwenye "kidogo" ndipo ninapotaka tugombane, wenzangu.

Ngozi nyeusi haihitaji mwanga mkali, inahitaji mwanga mpana. Rangi yenyewe hairudishi mwanga mwingi, kwa hiyo umbo la shavu na taya tunalisoma zaidi kwenye mng'ao. Taa ndogo yenye nguvu inakupa vidoa vyeupe puani na kwenye paji, kwingine giza. Taa pana ya pembeni inautandaza mng'ao uleule, na uso unaonekana wote.

Hili sikulipata darasani. Nililiona Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Kuta nene za udongo, ndani kigiza, na mzee mmoja amekaa karibu na mlango. Mwanga wa mlangoni tu, lakini kila mkunjo wa uso wake unauona. Nikarudi, nikafuta taa zote tatu, nikaweka moja yenye ukubwa wa mlango upande wa kushoto, na ukuta wa rangi ya udongo kulia urudishe wekundu kidogo. Ngozi nikairudishia rangi yake.

Najua mtasema, picha ya darasani tu, nani anajali? Jamani, Kodak kwa miaka mingi walisambaza kwenye maabara za picha kadi ya mwanamke mzungu, maarufu kama Shirley, rangi zipimwe kwa ngozi yake. Sisi tukatoka macho na meno tu. Wale walianza na uso wa kwao. Sisi tunaanza na uso wa Mnyamwezi halafu tunamfanya mweupe, tena bila kulazimishwa na mtu.

Picha ya pili niliipeleka wiki iliyofuata. Yule binti akanyoosha mkono tena: "Mzigo wake kilo ngapi?" Nikamwambia takriban 30, tukaingia kwenye somo. Tatizo limebaki pembe iliyo begani, inang'aa kuliko uso na jicho linakimbilia huko. Mwenye ujuzi anitafute maktaba, meza za dirishani.