Sabuni Hii Siiuzi

Mgeni akiingia kwangu hapa Tanga, hajakaa bado huwa ameshanusa. Karibu na dirisha kuna kichanja cha mbao, na juu yake vipande vya sabuni vimepangwa kwa nafasi ili hewa ipite. Atachukua kimoja, atakigeuza, atakipeleka puani, kisha swali litakuja: "Bibi, hizi unauza shilingi ngapi?" Nikimjibu kwamba siuzi, anashangaa kweli. "Huuzi? Sasa unatengeneza za nini?"

Za kuogea, mwanangu. Za kuogea mimi na wajukuu zangu, na za kumpelekea jirani aliyejifungua. Na natengeneza kwa sababu napenda.

Sababu hiyo ya mwisho nataka kuitetea mbele ya watu, kwa kuwa naona haina wa kuisemea. Siku hizi kazi ya mikono haihesabiwi mpaka iwe na bei. Binti akisuka mkeka mzuri, shangazi zake wanamuuliza kwa nini hajafungua duka. Kijana akipika keki ya ndugu yake, jioni ile ile anashauriwa aweke namba ya simu mtandaoni. Na katika kazi zote za nyumbani, sabuni ndiyo iliyobebeshwa mzigo mkubwa kuliko zote, maana imekuwa dawa ya kila mwenye shida ya fedha.

Semina za kufundisha kutengeneza sabuni ya kuuza nimezihudhuria, tena kwa kualikwa, kwa sababu nilifundisha kemia sekondari hadi nilipostaafu. Ukumbi wa kata, viti vya plastiki, mwalimu mmoja na madumu yake. Asidi ya salfoniki inamiminwa kwenye ndoo, inafuata slesi ya kuleta povu, soda eshi, chumvi ya kuifanya nzito, rangi ya kijani, na mwisho kichupa cha manukato ya tufaha. Kufika saa nane mchana kila mtu ana chupa yake ya sabuni ya maji. Wiki inayofuata kikundi kinaandika andiko la kuomba mkopo halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mradi ni sabuni ya maji. Kikundi cha mtaa wa pili nacho mradi wake ni sabuni ya maji.

Simbezi mama yeyote anayesomesha watoto kwa ndoo ile. Ninachosikitikia ni kwamba watu wote hawa wamefundishwa kuuza kabla hawajafundishwa kupenda wanachokitengeneza, ndiyo maana bidhaa zao zote zinanukia tufaha la kichupani. Nasi tupo Tanga! Ukipanda gari kwenda Muheza na kupandisha kuelekea Amani, unakutana na iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Uani mwetu mchaichai unaota mpaka tunaung'oa. Kina mama wa pwani hii wanajua kufunga kikuba cha rihani, mpachori, asumini na mkadi, wanajua kusaga liwa, wanajua udi upi uchomwe lini. Watu wenye pua iliyolelewa hivyo kugawiwa harufu moja ya dukani, wote, ni hasara ambayo haiandikwi kwenye daftari la mapato.

Najua pia kwa nini watu wa rika langu hawaioni sabuni kama jambo la kujiburudisha. Tunaikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya Vita vya Kagera, duka lilipokuwa na rafu tupu na foleni ndefu. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, sabuni ilikuwa miongoni mwa vitu watu walivyoogopa kukutwa navyo kwa wingi. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Ukiyasugua yanatoa povu la kijani na shati linatakata kiasi chake. Mama yangu alichoma makumbi ya nazi, akayachuja majivu yake kwa maji, kisha akachemsha maji yale pamoja na mafuta mpaka yakawa kitu laini cha rangi ya kahawia. Majivu ya makumbi yana potasiamu nyingi, na sabuni ya potasiamu haigandi ikawa mche, hubaki kama uji mzito. Hilo nilikuja kulijua darasani baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ilitakatisha, na kwamba ilinuka. Mama hakuipenda hata kidogo, na siku mche wa sabuni ulipopatikana dukani, chungu kile hakikurudi jikoni tena.

Kwa hiyo ninapokaa leo na mizani yangu, sikumbuki dhiki kwa furaha. Naona nafasi ambayo mama hakuipata: kutengeneza bila kulazimika, na kuchagua harufu.

Kazi yenyewe ni hii. Sabuni ya kipande huzaliwa pale mafuta yanapokutana na kostiki soda iliyoyeyushwa kwenye maji. Mafuta na soda humalizana, inabaki sabuni na gliserini. Lakini kila mafuta yana kiasi chake. Kilo moja ya mafuta ya nazi hutaka takriban gramu 183 za soda. Kilo moja ya alizeti hutaka kama gramu 135 tu, na mawese yapo katikati, kama 142. Sasa mchukue mtu aliyefundishwa kwa mafuta ya nazi, akapewa kipimo cha kikombe, akafika nyumbani akakuta nazi imepanda bei, akatumia alizeti kwa kikombe kile kile. Katika kila kilo ataacha karibu gramu 48 za soda zilizokosa mafuta ya kushughulika nayo. Kwa macho kipande ni cheupe na kizuri, ila ngozi ya mtoto itachubuka. Mimi hupunguza soda asilimia 5 chini ya hesabu, ili mafuta kidogo yabaki kwenye sabuni na ngozi isikauke. Hesabu hii haifanyiki kwa kikombe wala kwa jicho. Inataka mizani ya jikoni inayosoma gramu.

Na inataka chombo kinachofaa, jambo ambalo kwetu ni zito, kwa sababu sufuria nyingi za nyumba zetu ni za alumini. Soda ikigusa alumini inaila, inachemka, na inatoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka ikikuta moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au sufuria ya stili. Mimina soda kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya soda, kwani inaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Maji yatapanda joto yenyewe bila moto, hadi nyuzi 80 na zaidi, na yatatoa mvuke unaokata pumzi. Fanyia uani, penye upepo, na watoto wawe mbali. Vaa glavu na miwani. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, muda mrefu, na siki iache jikoni. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo huku ukipelekwa hospitali.

Nimeyaandika haya kwa urefu makusudi. Soda hupimwa dukani na kufungwa kwenye mifuko ya rambo isiyo na maandishi, nayo inafanana mno na chumvi ya mawe. Nyumba yenye watoto haipaswi kuwa na mfuko wa namna hiyo. Mimi naiweka kwenye kopo gumu lenye mfuniko wa kuzungusha, limeandikwa SUMU kwa wino mwekundu, juu ya kabati.

Baada ya hapo inakuja sehemu ninayoipenda. Maji ya soda yakishapoa unayamimina kwenye mafuta na kukoroga, na mchanganyiko unageuka polepole kutoka rangi ya mafuta kuwa kama uji wa mchele. Unanyanyua mwiko, tone linaanguka, linaacha alama juu kabla ya kuzama. Hapo ndipo harufu inaingia, na kila harufu ina tabia yake. Mchaichai ni mtulivu. Mafuta yake unayakoroga taratibu, sabuni inapata umanjano kidogo, na baada ya miezi bado unausikia. Ganda la chungwa linakupa furaha ya wiki chache kisha linatoweka. Karafuu haina subira. Ukidondosha mafuta yake, uji unaanza kukaza papo hapo mwikoni, na usipokuwa na kibweta cha kumiminia tayari utaichimba sabuni kwa kijiko. Kinachofanya hivyo ni yujenoli, kiini kile kile kinachotuliza jino linalouma. Ndiyo maana karafuu natia kidogo sana, tena mwishoni kabisa, kwa kuwa ikizidi inawasha ngozi. Mafuta ya mdalasini yanawasha zaidi, hivyo naacha mafuta na kutumia unga wake kidogo kwa ajili ya rangi. Manjano inakuwa nyekundu kama damu ya mzee inapokutana na soda, halafu sabuni inapokomaa inatulia kuwa rangi ya dhahabu iliyofifia.

Asumini ndiyo inayowaumiza wengi. Mtu anachuma maua meupe alfajiri, anayatia kwenye sabuni, na baada ya siku mbili yamekuwa meusi na harufu yote imekwenda. Soda haina huruma na ua bichi. Asumini iache kwenye nywele na kwenye kikuba. Ukitaka ikae na sabuni, ngoja sabuni ikomae, kisha uifungie pamoja na maua kwenye sanduku la mbao kwa usiku kadhaa, ukibadilisha maua kila jioni. Harufu inakaa juu juu, lakini anayelifungua sanduku anaipata.

Kukomaa ni wiki nne hadi sita. Wakati huo maji yanakauka, kipande kinakuwa kigumu na ukali wake unapungua. Unyevu wetu wa pwani unaleta jambo ambalo wenzetu wa bara hawalijui sana: sabuni inatoka jasho, matone madogo yanajipanga juu yake, kwa sababu gliserini inavuta maji hewani. Haijaharibika. Igeuze, ipe upepo, na usiifunge kwenye nailoni.

Mafuta ya nazi yana fadhila nyingine ambayo watu wa visima vya chumvi wataielewa haraka. Sabuni nyingi zikikutana na maji ya chumvi hugoma, zinaacha utando wa kijivu kwenye beseni. Sabuni ya nazi inatoa povu hata kwa maji ya bahari, na mabaharia waliitumia kwa sababu hiyo. Jirani yangu mwenye kisima kikali alinyamaza kidogo alipoona povu limejaa kiganjani, kisha akaniomba nimfundishe. Tulikaa naye. Sasa anatengeneza ya kwake kwa mafuta anayokamua mwenyewe, na harufu ya rihani ni chaguo lake, si langu.

Naulizwa kama sioni ni ubinafsi kuwa na ujuzi na kukataa kuufanyia biashara. Sioni hivyo. Anayetaka kuuza sabuni ya kuogea ana wajibu mwingine kabisa. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania Bara upo chini ya Shirika la Viwango (TBS), na ni haki, kwa sababu mnunuzi hawezi kuijua soda iliyobaki kwa kuangalia. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973 kwa ajili ya wanaotaka kuingia njia hiyo vizuri. Lakini anayetengeneza kwa ajili ya nyumba yake anapata kitu ambacho muuzaji anayeanza hakipati, nacho ni muda. Hana mteja anayesubiri, kwa hiyo anaweza kuiacha sabuni ikomae. Hana mkopo, kwa hiyo anaweza kujaribu iliki peke yake, halafu iliki na karafuu, halafu aamue kwamba iliki peke yake ilikuwa bora. Huyo akiamua siku moja kuuza, atauza kitu anachokijua. Na asipouza kabisa, wajukuu wake watakuwa wameoga vizuri na watajua kusoma mizani, na mimi sioni kilichopotea.

Ombi langu ni kwa wanaoendesha semina. Msiimalize kazi saa nane mchana. Badala ya ndoo ya sabuni ya maji, leteni mizani, glavu na sufuria ya stili, kila mmoja atengeneze kibweta kidogo cha sabuni ya kipande kwa mafuta ya eneo lake na harufu aliyoichuma mwenyewe. Mwambieni aende nacho nyumbani. Kisha pangeni tarehe, wiki sita mbele, kila mtu arudi na kipande chake mkikague pamoja: mkioshee mikono, mkinuse, aliyezidisha soda aijue hesabu yake ilipokosea. Cheti mgawe siku hiyo ya pili.